Mmoja Hukata, Mwingine Hushika

Jioni hii, wasikilizaji wapendwa, kuna kiti katika karakana moja ambacho hakina wa kukikalia. Popote mlipo, jikoni, kazini au njiani kurudi nyumbani, nawaomba tukae pamoja kwa muda mfupi tumkumbuke aliyekuwa akikikalia. Alikuwa fundi wa bodi za magari. Alikuwa mwanamke. Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini mtaa mzima ulimwita Mabega, na yeye mwenyewe akaliitikia jina hilo mpaka mwisho.

Alizikwa wiki tatu zilizopita. Ameacha mama mzazi, binti mmoja, na mdogo wake wa kiume, fundi injini, ambaye watu humwita Spana. Ameacha pia gari dogo la michezo la milango miwili. Nitarudi mara kwa mara kwenye gari hilo, kwa sababu maisha yake hayasimuliki bila hilo.

Kwa nini aliitwa Mabega? Kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyatanua magari. Gari jembamba likiingia kwake, lilitoka limepanuka juu ya magurudumu, madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, yamevimba kama misuli, na tairi pana zimekaa chini yake kama mguu uliopata kiatu chake. Watu walisema, "Huyu dada analivisha gari mabega." Jina likaganda.

Hakuanzia kwenye magari. Alianza akiwa msichana, akitengeneza matangi ya maji kwa faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa kwa gundi kisha kikaachwa kikauke hadi kiwe kigumu. Tangi halidaiwi uzuri. Linadaiwa lisivuje tu. Lakini matangi yake yalikuwa na umbo. Mama yake anacheka kidogo anapokumbuka, kisha anafuta macho. "Matangi ya mwanangu yalikuwa na viuno," anasema. "Tajiri wake akamwambia, wewe binti, haya ni ya maji, hayaendi harusini."

Wasikilizaji wapendwa, naomba mshike jambo moja kabla hatujaendelea. Baba yao, ambaye alikuwa fundi bati, aliwaachia watoto wake kanuni ya kazi. Ukikata kipande kirefu cha bodi, ncha ya pili hutikisika, na kinachotikisika hupata ufa. Kwa hiyo mmoja hukata, mwingine hushika. Na anayeshika ndiye anayesema, "Kata." Bila neno lake, msumeno hauanzi. Mabega alikuwa mkataji. Spana alikuwa wa kushika. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu utotoni, na hivyo ndivyo walivyoendelea baba yao alipofariki.

Siku moja wakaleta nyumbani kigari cha michezo kilichopondeka ubavu. Kilikuwa kidogo, kifupi, na kimechoka. Waliazimia kukifanya tangazo lao, gari ambalo mtu akiliona barabarani atauliza, "Nani kalitengeneza?" Spana alichukua injini. Mabega alichukua bodi.

Binti yake, ambaye ni mshonaji, alikua akimtazama mama yake akiifanya kazi hiyo. Mabega alikata umbo kwanza kwa maboksi. Akalijenga kwa sponji ngumu. Akalitandika faiba, akapaka puti ya kuziba mashimo, akasugua kwa msasa, tabaka baada ya tabaka. Kisha alifumba macho na kupitisha kiganja cha kushoto juu ya madigadi, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Glavu alizivua, kwa sababu zilimnyima ngozi. Barakoa aliivua pia, kwa sababu ilimjazia miwani mvuke. Vumbi la kioo lilielea katika mwanga wa dirisha. Lilikuwa linapendeza, binti anasema. Hakuna aliyeliogopa.

Upande wa pili wa karakana, Spana alikuwa akifunga turbo kubwa kuliko ile iliyokuja na gari. Kwa asiyeijua, turbo ni kama feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe; husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikisukumwa hivyo hupata joto. Kwa hiyo huwekwa kipoza hewa nyuma ya bampa la mbele, ili upepo wa njiani ukipige na kuondoa lile joto. Lakini upepo huo lazima upate pa kuingilia. Kwa maneno mengine, uso wa gari lazima uwe na mdomo.

Na Mabega alikuwa ameutengeneza uso uliofumba.

Ulikuwa uso mzuri kupita kiasi. Bampa lilishuka laini kutoka taa hadi taa, na chini yake kulikuwa na mwanya mwembamba, kama midomo ya mtu anayezuia tabasamu. Binti anayakumbuka mabishano yao neno kwa neno.

"Dada, panua mdomo."

"Sipanui. Mtu mwenye nguvu zake hana haja ya kuachama."

"Mtu akikimbia huachama, dada. Hata wewe."

"Mimi sikimbii."

"Gari litakimbia!"

"Basi likimbie limefumba. Adabu haijawahi kumvunja mtu mguu."

Spana akacheka. Alijua hesabu ya joto kuliko mtu yeyote mtaani pale, lakini alimpenda dada yake na aliupenda uso ule. Bampa lilipofika hatua ya kukatwa, alishika ncha ya pili. Akautazama ule mwanya mwembamba uliochorwa. Akasema, "Kata."

Nawaomba mlikumbuke hilo. Dada alikata, lakini mdogo wake ndiye aliyesema kata.

Walilitoa gari siku ya maonyesho, katika uwanja mpana wa lami, jua likiwa la utosi. Mzunguko wa kwanza, watu walipiga mbinja. Mzunguko wa pili, Spana akaongeza mwendo. Kisha sauti ikabadilika. Yeye aliyekuwa usukani aliisikia kabla ya wote, mlio mkavu, kama kokoto ndani ya kopo. Pistoni ilikuwa imetoboka kwa joto. Moshi ukafunika mabega yale mazuri, na gari likasimama mbele ya umati.

Muuza rangi wa mtaani kwao, mtu wa mzaha, akapaza sauti: "Lina mabega, halina mapafu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Muuza rangi huyo amenipa ruhusa ya kuyarudia maneno yake hapa. Anasema angeweza kuyameza leo, angeyameza.

Mabega hakucheka. "Umeua gari," alimwambia mdogo wake, mbele za watu.

"Wewe ndiye uliyeliziba pua," Spana akajibu, naye mbele za watu.

Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime. Wenyewe watapatana. Watu wa mtaa walichukua majembe yao wakasubiri. Hawakupatana. Spana aliing'oa injini, akaiweka kwenye kitoroli, akavuka nayo barabara, akafungua gereji yake uso kwa uso na ya dada yake. Gari moja likawa nusu mbili. Bodi ilibaki upande huu, imepakwa rangi, imepanguswa, tumbo tupu. Injini ilikuwa upande ule, imefungwa pistoni mpya, juu ya stendi, imefunikwa shuka safi. Barabara ilipita katikati. Si pana. Mtu akikohoa upande mmoja husikika upande wa pili.

Mama yao alikuwa akila mchana kwa mmoja na jioni kwa mwingine. "Nilizaa watoto wawili," aliwaambia, "ninyi mmenigeuzia stoo ya vipuri." Kila mmoja alicheka upande wake. Hakuna aliyevuka.

Miaka ikaenda. Hakuna aliyeuza nusu yake, ingawa wateja waliuliza. Kisha Mabega akaanza kukohoa.

Daktari hakutaka kusema kwamba vumbi lile peke yake ndilo la kulaumiwa. Alisema tu kwamba mapafu yamekuwa magumu, kama sponji iliyokauka, na kwamba hayatalainika tena. Mwanamke aliyebeba milango ya magari kichwani akaanza kupumzika njiani kati ya kitanda na mlango. Alipumua kwa mdomo. Binti alikuwa ameketi kando yake akipindisha upindo wa sketi ya mteja, mama yake alipomgusa mkono.

"Mwanangu, nitazame. Nimeachama, sivyo?"

"Pumzika, mama."

"Sasa nimejua kwa nini anayekimbia huachama. Nami hata sikimbii." Akatafuta hewa. "Mjomba wako alikuwa na haki. Niletee chaki yako. Na msumeno wa mkono, ule mdogo."

Wasikilizaji wapendwa, hakutuma ujumbe. Hakumpigia simu mdogo wake. Huenda mnajiuliza kwa nini, nami nilimuuliza binti swali hilo hilo. Alinijibu kwamba mama yake alikuwa na njia moja tu ya kuomba radhi, nayo ilikuwa kazi. Kwa hiyo alifungua lango la karakana lote, pande zote mbili, lililotazama ng'ambo. Akaketi kwenye kigoda mbele ya gari. Kwa chaki ya cherehani akachora juu ya ule uso mzuri mdomo mpana, kutoka taa hadi taa. Akaanza kukata kuanzia kushoto.

Binti alisogea kushika ncha ya pili. Mama yake akamzuia.

"Wewe kashone. Anayeshika yupo. Akiona, atavuka."

Na Spana aliona. Aliona lango liko wazi. Aliona dada yake amekaa chini, anakata bampa ambalo miaka yote alikataa liguswe. Nilimkuta kwenye gereji yake, mikono ikiwa mapajani, akaniambia hivi: "Nilidhani anaivunja bodi aiuze. Nilijisemea, sawa, amechoka kuningoja. Nikarudi ndani nikageuza mgongo. Sikutaka kuona."

Mabega alikata kidogo, akapumzika. Siku iliyofuata akakata tena. Bampa lilitikisika, kwa kuwa hakukuwa na wa kulishika. Alipokaribia katikati, ufa ukaruka kutoka kwenye meno ya msumeno ukapanda hadi chini ya taa ya kulia. Fundi yeyote angejua maana yake. Mabega aliuweka msumeno chini. Akapitisha kiganja cha kushoto juu ya ule ufa, macho yamefumba. Kisha akamwambia binti yake, "Funga lango. Baridi."

Siku chache baadaye alifariki, asubuhi, akiwa ameegemezwa mito.

Msibani Spana alivuka barabara. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya moshi, aliingia katika karakana ya dada yake. Watu walidhani amekwenda kulitazama gari kama mrithi. Alipiga magoti mbele ya gari. Akaona mdomo uliofunguka nusu. Akaona mstari wa chaki unaoendelea hadi taa ya pili, bila msumeno kuufuata. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Aliweka kidole juu ya ufa, akasema kwa sauti ambayo mama yake aliisikia kutoka mlangoni: "Huu ni wangu."

Wiki iliyopita aliirudisha injini ndani ya gari. Aliisukuma kwa kitoroli kile kile, na safari hii muuza rangi alikuwa upande wa pili wa kitoroli. Mabomba yalipokwisha kufungwa, binti alimjia akiwa na msumeno.

"Mjomba, tumalizie. Mimi nitashika, wewe ukate."

"Mimi ni wa kushika, mama. Mkataji ameondoka."

"Lakini likibaki nusu litachemka."

Spana alikuwa amekwisha kuifungua turbo na kuipunguza nguvu, yeye ambaye maisha yake yote alizifunga ili ziongeze. "Halitachemka," alisema. "Litakwenda polepole."

Juzi jioni gari liliteremka mtaani, Spana akiwa usukani. Mabega yamepanuka, tairi pana, sauti ya chini. Mama yao alikuwa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Watoto walikimbia kando wakalipita. Mtu mmoja kibarazani hakujua habari, akapiga kelele: "We Spana! Umepitwa na baiskeli!"

"Iache inipite," alijibu, na hakuongeza mwendo.

Kwa mama mzazi, aliyegawa kinywa chake pande mbili za barabara. Kwa binti, ambaye chaki yake bado iko kwenye lile bampa. Na kwa Spana, kwa niaba ya wenzangu wote wa kipindi hiki, poleni sana. Mungu awape subira, na amlaze marehemu mahali ambapo pumzi haitafutwi.

Na kwenu, wasikilizaji wapendwa. Tumezoea kuamini kwamba mwenye kukosa atakuja kubisha hodi na kusema maneno yanayostahili. Huenda asije. Huenda radhi yake ni lango lililoachwa wazi, na mtu aliyekaa chini, anakata peke yake. Kama kuna mtu wa namna hiyo ng'ambo ya barabara yenu, msigeuze mgongo mkibuni sababu. Vukeni jioni hii. Shikeni ncha ya pili.