Jara Kubwa Apewe Anayelijua

Sogeeni, wajukuu, sogeeni mpaka huku mkekani. Telemóvel, hizo simu zenu, zilale, na mwenye kikohozi akohoe amalize kabisa, maana sirudii. Nataka kuwaambia habari ya jara la marehemu Wahida, kwa kuwa huko mtaani inasimuliwa kombo. Mimi nilikuwepo, kahawa ilikuwa yangu. Kijiwe changu ndicho hiki hiki, hapa Palma, ubao juu ya pingili mbili za mnazi, ng'ambo ya njia kutoka dirisha la Wahida. Alasiri ile ya kugawa urithi wake walikaa watatu. Abudo, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Sérgio Mmakonde, mchonga vinyago, tunamwita Dotori, yaani daktari, kwa kuwa aliwahi kufagia hospitali mwaka mzima. Na Hassane, mwana wa Wahida, fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni. Huyo ndiye Sindano.

Jara ni kile chombo cha maua cha kauri. Jina hilo tumeachiwa na Wareno. Wahida alikuwa nayo matatu ya kale, kayapata kwa bibi yake, kayapanga kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani sebuleni: madogo mawili pembeni, na kubwa katikati, jeupe, lenye ndege wa samawati. Mgeni akiingia, macho yake huanzia hapo kabla hata ya salamu. Siku ya kufa kwake alisema neno moja tu: "Jara kubwa apewe anayelijua." Hakutaja jina. Na watoto anao wawili, Hassane na dada yake Zaida.

Sindano — Shehe kanambia hivi: wasia kwa mrithi hausimami mpaka mrithi mwenzie aridhie. Nisiporidhia, ligawanywe. Jara haligawanyiki, basi liuzwe. Na kesho anakuja mtu wa Pemba, ule mji wa kusini si kisiwa, anayenunua vya kale, anapambia nyumba ya wageni.

Dotori — Na Zaida anasemaje?

Sindano — Anasema nikiliuza, nisimhesabu dada.

Dotori — Pá, rafiki, si umwachie?

Sindano — Nimwachie kwa nini? Mama kasema anayelijua. Mimi ndiye mkubwa, nimeanza kuliona kabla yake. Jioni shehe atatuuliza mbele ya watu. Nisaidieni nilijue.

Redio — Umefika penyewe! Hilo la Wachina. Walifika hapa kabla ya Wareno. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana waliwahi.

Dotori — Waliwahi bila haraka?

Redio — Walitoka mapema, ndugu yangu.

Dotori — Hilo si la Wachina, hilo la dawa. Tazama shingo ilivyobanwa. Hospitali tulikuwa na chupa zenye shingo kama ile ile. Maji yakimwagika hayazoleki, ndipo wakabana shingo.

Redio — Wewe ulikuwa unafagia, chupa ulizionea wapi? Sikiliza, Sindano. Jara lile la sultani. Sultani alikuwa na mke huku kwetu, mke kamkasirikia, hataki kurudi Unguja. Sultani hajui kubembeleza. Akamletea jara. Ndege yule ni barua! Anatazama kaskazini, maana yake, rudi nyumbani.

Dotori — Ndege yule korongo. Nimechonga ndege maisha yangu yote. Korongo habebi barua, anatafuta vyura.

Sindano — Sasa nishike lipi? Mchina, dawa, au sultani?

Redio — Yote! Sultani aliugua kwa mapenzi, Mchina akamletea dawa, dawa ilikuwa ndani ya jara. Akili nyingi huondoa maarifa, lakini leo yamebaki.

Nikaona nami nitie neno, maana kikombe kikitoka kwangu na ulimi una haki yake.

— Hassane mwanangu, nikasema, vita ilipoingia tukakimbia mji huu, nani alilibeba? Mwenzio Zaida alilifunga mgongoni kwa kapulana, kanga yake, mpaka kijijini Pundanhar. Njiani wanawake wakamwuliza, mbona mwanao halii?

Sindano — Na mimi nilibeba cherehani kichwani, bibi. Cherehani ilitulisha kule. Jara lilimlisha nani?

Hapo alikuwa na haki. Nikammiminia kahawa.

Redio — Tena kubeba si kujua. Punda hubeba chumvi, mchuzi anaujua?

Akina sisi tukacheka. Pembeni alikuwa kaketi mama mmoja wa kijiji cha Mute, Dulce, aliyeniletea makopa ya muhogo. Kapu chini, kikombe mkononi, hajasema kitu tangu afike.

Dulce — Samahani, baba zangu. Huyo ndege ni wa mbele. Nyuma pana nini?

Redio — Nyuma wapi?

Dulce — Upande unaotazama ukuta.

Redio akachungulia ng'ambo ya njia.

Redio — Nyuma… nyuma ni ukuta.

Dotori akamgeukia Sindano. Sindano kashika utepe wake ncha zote mbili, kama anayetaka kupima kitu asikione.

Sindano — Miaka arobaini na moja nalitazama jara lile. Mgongo wake sijauona.

Dotori — Hata kulifuta vumbi?

Sindano — Nilifute mimi?

Akaweka kikombe chini. Akaondoka, akavuka njia. Dirisha la Wahida halina kioo, na sisi masikio tunayo. Zaida alikuwa ndani anaosha yale madogo.

Hassane — Lile kubwa usiliguse. Niambie tu, nyuma lina nini?

Zaida — Nani kakutuma?

Hassane — Niambie.

Zaida — Ndege mwingine. Hana kichwa.

Hassane — Kimeenda wapi?

Zaida — Kaka, yaache.

Hassane — Zaida.

Zaida — Siku uliyozaliwa mkunga aligusa kidaka kwa kiwiko. Jara likameguka, kichwa cha ndege kikatoka. Unawajua watu wa hapa: chombo kikivunjika siku ya kuzaliwa, mtoto ana nuhusi, hapakatwi na mtu. Mama yuko kitandani na damu yake, akainuka akaligeuzia ukutani kabla wageni hawajaingia. Mimi alinambia nilipoanza kuosha. Akasema, upande huu asiuone mtu, na kaka yako asiusikie.

Mkunga yule alikuwa mama yangu mzazi. Hata mimi hakuwahi kunambia.

Kisha tukamsikia Hassane, sauti ya chini.

Hassane — Mpelekee shehe salamu, mwambie asijisumbue. Nimeridhia.

Yule mtu wa Pemba alikuja kesho yake, akanywa kahawa vikombe viwili, akaisifu, akarudi na kapu lake tupu.

Basi urithi ulikwenda hivi. Zaida alipata jara kubwa, liko palepale kidaka cha kati, ndege mzima mbele, na mbele yake kaweka maua ya asumini kwenye kisahani. Madogo mawili alipata Hassane: moja kalitia mikasi, la pili chaki na vipande vya utepe, na wateja wanasema kibanda chake kimekuwa kizuri. Redio alirithi hadithi ya sultani, ambaye sasa ana wake wawili. Na siku ile ile, kabla Hassane hajatoka mlangoni, Zaida alifungua fundo la kanga, akatoa pamba, ndani ya pamba kichwa cha ndege, kidogo kama ukucha. Mama yao alikitunza miaka yote. Hicho nacho alipewa Hassane. Yuko nacho kwenye kopo la sindano, na mtu akimwuliza hiki nini, humjibu: "Changu hicho. Nimezaliwa nacho."