Mama Hodi: Uvujaji Tulioshindwa Kuuziba

Baada ya kupokea simu za shirika letu la maji kwa miaka thelathini na mmoja, mwenzetu wa mapokezi anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Juni. Jumatatu itakayofuata, kiti chake hakitakaliwa na mtu. Simu zitapokelewa na mashine. Kamati ya sherehe imenipa mimi wa dawati la malalamiko, jirani yake wa mlango wa pili, kazi ya kuandika wasifu mfupi wa kuchangamsha. Ufupi nitajitahidi. Kuchangamsha, tutaona.

Nianze na jambo moja, kwa kuwa ndilo linaloniuma na sitaki kulizungukazunguka. Katika miaka yote hiyo Mama Hodi aliomba apewe vitu viwili tu na shirika hili. Cha kwanza alipewa, kikamdhuru. Cha pili alikikosa kwa sababu ya kile cha kwanza. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na anayetaka kwenda kupakua chakula mapema anaweza kuishia hapa.

Aliingia kama karani wa muda wa kupanga mafaili. Mpokea simu wa wakati huo alipokwenda likizo ya uzazi, yeye akakalishwa kwenye mtambo wa simu ashike nafasi kwa muda. Siku ya kwanza mteja alipiga simu kutukana: bomba limepasuka mbele ya duka lake, na shirika zima ni wezi na wavivu. Mazungumzo yalipokwisha, mteja huyo alikuwa anamuuliza kama watoto hawajambo. Hakuwa na watoto bado, lakini akamjibu hawajambo. Hakuondolewa tena kwenye kiti kile. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekula akashiba na hana ugomvi na yeyote, na ukiisikia, hasira zinakuishia mdomoni.

Wengi mnakumbuka kisa cha yule bwana aliyepiga simu huku maji yakiingia sebuleni. Mama Hodi akamwelekeza atoke nje, atafute koki karibu na geti, aizungushe mpaka mwisho. Bwana akazungusha ya jirani. Punde jirani naye akapiga, ana povu la sabuni machoni na bomba limekauka. Mama Hodi akawaunganisha wote wawili kwenye laini moja, akawaacha wasemezane. Hivi leo wale mabwana wawili ni wakwe, watoto wao wameoana, na kadi ya mwaliko ililetwa hapa mapokezi.

Sasa nije kwenye ombi la kwanza. Alipochaguliwa mfanyakazi bora, uongozi ulimuuliza anataka zawadi gani. Wengine wangetaja jokofu. Yeye alitaka utulivu, kwa sababu viatu vyetu juu ya ile sakafu ya saruji vilikuwa vinawafanya wateja wamuulize kama yuko sokoni. Basi akatandikiwa zulia zito, ukuta kwa ukuta, akawekewa mapazia mazito, dirisha likazibwa kabisa na kiyoyozi kikafungwa. Jengo zima ni yeye na Meneja tu waliokuwa na zulia. Tulikuwa tunavua viatu mlangoni. Yeye mwenyewe alilinyunyizia marashi asubuhi, akalisugua kwa mkono. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji nyuma ya kabati, na zulia la pembe ile halikukauka hata siku moja. Lakini jamani, hapa ni shirika la maji. Tone dogo kama hilo nani angeliita uvujaji?

Haukupita muda, kamasi zikaanza. Si zile za kupenga, ambazo angalau unaziona na kuzifuta. Hizi zilikuwa zinashuka kwa nyuma, kutoka puani hadi kooni, polepole, usiku na mchana. Ukimeza, zipo. Ukikohoa, zinakaa kidogo kisha zinarudi. Alinieleza mara moja kwamba ni kama mtu amekuwekea uzi kooni na kila unapotaka kusema anauvuta. Ikawa kila simu anajikohoza kwanza ndipo anapokea: "Mhm-hm. Shirika la maji, karibu." Kwa kikohozi hicho tukampa jina la Mama Hodi, maana kilikuwa kinasikika kama mtu amesimama mlangoni anaomba kuingia.

Kwetu kujikohoza ni maneno kamili. Mtu akijikohoza, anakwambia yupo, au nyamaza anakuja unayemsema, au hicho unachosema mimi sikiamini. Mama Hodi hakuwa anasema lolote kati ya hayo, lakini tulimsikia akiyasema yote. Umbea wa ukumbini ulikuwa unakatika ghafla akipita. Wageni walikuwa wanageuka na kusema karibu. Haya ya kuchekesha. Lisilochekesha ni siku alipofanyiwa usaili wa ukuu wa kitengo cha huduma kwa wateja. Meneja wa wakati ule akawa anasimulia alivyoleta maji mji mzima, na kila akitaja fanikio moja, Mama Hodi anajikohoza. Yule baba akahesabu kwamba anagunwa. Cheo kikaenda kwa mwingine, na yeye akaja kuijua sababu Meneja alipokuwa ameshastaafu na kuanza kuyasema yake ya nyuma kama vichekesho. Alinisimulia huku anacheka. Katikati akaacha kucheka, akageukia mtambo wake.

Mganga hajigangi. Shirika lenye mafundi wa kutafuta uvujaji barabara nzima lilishindwa kujua kichwa cha mtu mmoja kinavuja wapi, na si kwamba hatukujaribu. Penye wengi pana mengi: huyu alileta tangawizi na asali, yule akaleta limau, mwingine akamfundisha kujifukiza mpaka akaungua shavu. Aliyelivalia njuga jambo hili kuliko wote ni Fundi Koki, msimamizi wa kikosi cha uvujaji, ambaye ana sheria moja anayowafundisha vijana wake: tobo ni moja, ukilipata fukia shimo uende nyumbani. Kwa mabomba sheria hiyo imetutumikia vizuri. Fundi akaihamishia kwenye pua ya Mama Hodi, na sisi wote tukamfuata, maana ndivyo tunavyofikiri hapa.

Walipopaka rangi chumba chake, zulia lilikunjwa kwa wiki kadhaa na yeye akafanyia kazi kwenye chumba cha mafaili. Alipata nafuu kidogo. Ila bado zilishuka, kwa hiyo Fundi akatoa hukumu kwamba si zulia, likatandikwa tena. Baadaye tabibu mmoja wa zahanati akamwambia huenda ni tindikali ya tumboni inayopanda akilala: ale mapema, ainue kitanda upande wa kichwa. Mume wake akaweka matofali chini ya miguu ya kitanda, na mzee wa watu kila alfajiri akawa anajikuta ameteleza mpaka kwenye ubao wa miguuni. Nafuu kidogo tena. Ila bado zilishuka, basi si tindikali, matofali yakarudi bustanini. Halafu yakaja matone ya pua. Haya yalizibua papo hapo, na kwa kuwa yalizibua, hakuna aliyeuliza mbona kila mwaka yanahitajika mengi zaidi. Kila aliyesafiri alimletea kichupa. Droo yake ya juu ilijaa upendo wetu.

Mwaka jana alikwenda kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na Fundi Koki akamsindikiza akiwa na nguo za kazi. Daktari alimchungulia kwa kamera nyembamba, akamsikiliza historia yote bila kumkatiza, zulia, matofali na droo. Kisha akasema: "Mama, matobo ni matatu, na yanavuja kwa pamoja. Ukiziba moja ukaacha mawili, utadhani hukuziba kitu."

Vumbi na ukungu wa chumba kile vilikuwa vinauchokoza mwili kupitia puani. Tindikali ilikuwa inaunguza koo usiku. Na yale matone, yasiyofaa kutumiwa zaidi ya siku chache, ndiyo yaliyokuwa yanaizibua pua kwa saa moja na kuivimbisha siku nzima. Kwa zulia na kwa tindikali tulikuwa sahihi, na mara zote mbili tuliacha. Daktari akamtaka aache matone na avumilie pua itakavyoziba kwa wiki za mwanzo, asafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, apulize dawa ambayo yeye mwenyewe alimwandikia, ale mapema, arudishe matofali. Zulia liondoke. Na asijikohoze tena, anywe maji funda dogo, kwa sababu miaka yote ya kujikohoza imezikwaruza nyuzi za sauti. Mama Hodi akauliza kama sauti itarudi. Daktari akamjibu kwamba kamasi zitapungua, lakini sauti hawezi kumwahidi.

Mama Hodi aliyafanya yote aliyoweza kuyafanya mwenyewe. Moja halikuwa mikononi mwake. Aliomba zulia litolewe, akaambiwa ni mali ya shirika na haliwezi kuondolewa kabla kikao cha mali hakijakaa. Kikao hakikukaa. Mwenyekiti alikuwa safarini, halafu mwaka wa fedha ukawa unafungwa, halafu likaonekana bado zulia zuri. Ngojangoja huumiza matumbo; hapa iliumiza koo. Nimekaa dawati la malalamiko maisha yangu yote ya kazi, nimepeleka malalamiko ya mji mzima yakashughulikiwa, na hili la chumba cha pili nililipeleka mara nyingi kuliko yote. Natumaini wajumbe wa kikao hicho wamepata viti vya mbele leo.

Ndipo ikatangazwa kwamba inanunuliwa mashine ya kupokea simu. Mama Hodi akatoa ombi lake la pili: sauti itakayowekwa kwenye mashine iwe yake. Hakutaka malipo. Aliniambia akiwa ameshika kikombe chake cha maji: "Nataka nikiondoka, nibaki." Mume wake aliposikia alifurahi kuliko sisi, kwa sababu mzee huyu, tangu waoane, amekuwa akipiga namba ya ofisi mchana bila haja yoyote, aisikie tu ile "karibu". Nyumbani, anasema, anarudishiwa sauti iliyochoka.

Uongozi ulikubali, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Wakachagua kurekodi chumbani kwake, kwa kuwa ndicho chenye utulivu. Juu ya zulia lile lile. Fundi wa mashine alikuwa kijana mwenye subira, akaweka kipaza sauti, akamwambia asiwe na haraka. Ilikuwa sentensi moja fupi ambayo ameisema maisha yake yote. Tulikuwa tumesimama nje, bila viatu, hakuna anayepumua kwa nguvu. Alianza vizuri kila mara. Kila alipofika kwenye "karibu", uzi ulivutwa, sauti ikakatika. Akanywa maji, akarudia. Akatoka nje kupata hewa, akarudia. Mchana ulipogeuka hakubaki na sauti, alibaki na mkwaruzo. Akavua vipokea sauti, akaukunja waya wake vizuri kama anavyofanya siku zote, akasema, "Mtafuteni mwingine." Akaenda kunawa uso.

Sauti iliyomo kwenye mashine imenunuliwa ikiwa tayari. Ni ya msichana ambaye hatumjui, naye hatujui sisi. Wiki iliyofuata kikao cha mali kikakaa. Zulia likatolewa, na nyuma ya kabati sakafu ilikuwa nyeusi kwa ukungu kutoka pembeni hadi kwenye miguu ya kiti chake. Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa chini ya nyayo, na tulimvulia viatu kwa heshima.

Tangu siku hiyo amepata nafuu. Wenye tatizo kama lake, na humu ofisini nawasikia, mjue kwamba nafuu ipo: kamwoneni daktari mapema na msizibe tobo moja mkaenda nyumbani. Kamasi zimepungua mpaka kidogo za asubuhi. Anavuta hewa kwa pua, analala usiku mzima. Ila sauti haikurudi, na daktari amemshauri asiingoje. Anaongea chini chini, ukitaka kumsikia uiname. Ndiyo maana ratiba ya leo haina hotuba ya mstaafu, na ndiyo maana mnasoma karatasi hii badala yake.

Mashine imefanyiwa majaribio wiki hii. Inajibu upesi, haichoki, haijikohozi. Wateja wa zamani wanasubiri kwenye laini, halafu wanakata. Wachache wamenipigia mimi kulalamika kwamba namba imeharibika. Nimewaandikisha. Sijui nimwandikie fundi yupi.

Mama Hodi, tunakushukuru. Ulitukaribishia mji mzima na hatukuweza kukuondolea zulia. Nenda ukapumzike kwenye hewa safi, dirisha wazi, kitanda kimeinuliwa, na mzee asichoke kukwea usiku. Tunakuombea siku nyingi, na nyepesi kuliko ulizokalia hapa.

Na leo utakapoitwa mbele, usitutafutie maneno. Jikohoze tu. Daktari amekukataza, lakini mara hii moja atatusamehe. Hakuna atakayedhani unamguna. Ukumbi mzima, pamoja na viti vya mbele, tutakujibu lile neno lililokukatikia: karibu.