Nyuzi Tisini na Nne

RISALA YA KLABU YA FIZIKIA, SHULE YA SEKONDARI YOAKIMU, KWA MGENI RASMI, DAKTA EVA MAXIMILIAN, SIKU YA SAYANSI

Msomaji: Safina Hasani, katibu wa klabu

Mgeni rasmi, Dakta Eva Maximilian, Afisa Elimu Kata, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi wetu mlioacha palizi mkaja kujibana kwenye madawati ya watoto: shikamooni nyote.

KARIBU NYUMBANI

Mgeni rasmi, tulikuona uliposhuka kwenye gari ukafunga koti mpaka shingoni. Tukaambizana kwamba huyu ni mtoto wa hapa, ila Dar es Salaam imemdekeza. Utusamehe kwa baridi yetu, hatuna namna ya kuizuia. Wewe ni mzaliwa wa Endagikot, na kila bibi wa pale anasema alikubeba mgongoni. Tukiwaamini wote, basi hukuwahi kukanyaga ardhi mpaka ulipoanza darasa la kwanza.

Leo unapima mionzi inayotibu wagonjwa wa saratani, uhakikishe haizidi wala haipungui. Tulipoambiwa kwamba mwanafizikia atakuja kukaa mbele yetu, na ni mtu aliyechunga ng'ombe kwenye miteremko hii hii, tulifurahi mno. Baadhi yetu tulilia. Wavulana wameomba hilo lisiandikwe, lakini risala inaandikwa na katibu.

TULIKOTOKA

Shule yetu imejengwa juu ya kilima alichokitoa marehemu mzee Yoakimu, baada ya kuchoka kuona upepo unaangusha mahindi yake kila mwaka. Mahindi yalishindwa, sisi tukapandwa badala yake, na mpaka leo tumesimama.

Mwalimu wetu wa Fizikia alihamishwa. Somo likachukuliwa na Mwalimu Baltazar, ambaye chuoni alisomea Biolojia. Anasoma sura moja mbele yetu, na akikwama anasema wazi kwamba amekwama. Kwa hilo tunampenda kuliko anavyojua, na tumeona tuliseme leo mbele ya watu ili asipate nafasi ya kubisha.

Katika stoo ya maabara kuna maboksi ya vipimajoto yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: VIBOVU. Yapo ya zamani, na yapo yaliyoletwa baadaye kuchukua nafasi ya yale ya zamani. Ukitumbukiza kipimajoto chochote kati ya hivyo kwenye maji yanayotokota, kinapanda vizuri mpaka nyuzi tisini na nne, kisha kinagoma. Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi mia moja. Kwa hiyo miaka yote shule hii imeamini kwamba sisi watu wa Mbulu tunauziwa vifaa vilivyokataliwa kwingine.

Kwa sababu hiyo, hapa kwetu kuna desturi ambayo kila mwanafunzi huirithi kwa aliyemtangulia. Inaitwa kukisaidia kipimajoto. Kikigoma kwenye tisini na nne, unakihurumia, unamalizia mwenyewe zile nyuzi zilizobaki, unaandika mia moja. Hakuna aliyeona kwamba ni udanganyifu. Ilikuwa kama kumshika mkono mzee anayepanda ngazi.

MAFANIKIO YETU

Mgeni rasmi, risala nyingine hapa hutaja vikombe vya michezo na miti iliyopandwa. Sisi tutamtaja mtu mmoja.

Verediana Hhando yuko Kidato cha Pili. Ni mtoto wa wakulima wa hapa chini ya kilima, mwembamba, mkimya, na akiuliza swali huanza kwa kuomba radhi. Anakamua ng'ombe kabla ya kuja shuleni, na viatu vyake hufika vikiwa na umande. Tangu akiwa mdogo amekuwa akisumbua watu kwa maswali. Aliwahi kumuuliza padri kwa nini sauti ya kengele humfikia mtu baada ya kuiona ikigongwa. Padri alimjibu kwamba ni muhimu zaidi kuwahi ibada.

Siku ya kwanza Verediana alipofundishwa kukisaidia kipimajoto, alishindwa. Alishika kalamu, akaangalia kioo, akaangalia daftari, mkono ukakataa. Alijiona mjinga, kwa maana wenzake wote walikuwa wameshamaliza na wanaosha vyombo. Alichukua kipimajoto cha pili, kisha cha boksi jingine. Akamwendea Mwalimu Baltazar, akaomba radhi kama kawaida yake, akasema:

"Mwalimu, vitu vikiharibika, kila kimoja huharibika kivyake. Hivi mbona vimeharibika sawasawa?"

Mwalimu Baltazar alikaa juu ya meza ya maabara, jambo ambalo sisi tumekatazwa. Akamwambia kwamba hajui, na kwamba lingekuwa jambo zuri mmoja wao ajue.

Likizo ilipofika, Verediana alipewa ruhusa ya kuazima kipimajoto kimoja "kibovu". Alikifunga kwenye soksi, akaenda kwa shangazi yake, mama Imakulata, aliyeolewa bondeni Yaeda. Huko chini, jikoni kwa shangazi, kilipita tisini na tano kikakaribia tisini na sita. Alikitoa, akakirudisha, kikarudi pale pale. Shangazi alidhani mtoto anaogopa maji kuwa na wadudu. Verediana alicheka peke yake mpaka machozi, na alipojaribu kueleza alishindwa, akaomba asonge ugali yeye siku hiyo.

Kifaa kilikuwa kizima. Kilichobadilika ni mahali. Aliporudi, yeye na Mwalimu Baltazar walitafuta, wakasoma, wakaelewa kwamba huku juu hewa inayokandamiza maji ni chache, kwa hiyo maji hayangoji kufika mia ndipo yachemke. Ndiyo maana pia maharage yetu hukaa jikoni mpaka watu wanagombana. Miaka yote tumelaumu kuni.

Siku hiyo tuliingia stoo, tukafuta maandishi mekundu kwenye maboksi. Hatujawahi kuwa na furaha ya namna ile darasani. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba ndugu zako waliofungwa hawakuwa na kosa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utusikilize kwa upole, kwa kuwa tunaowataja ni wakubwa wetu na tunawaheshimu.

Ulikuja mtihani wa ujirani mwema, unaofanywa na shule zote za ukanda wetu na kusahihishwa kwa pamoja. Katika vitendo tuliambiwa tuchemshe maji, tuandike joto lake yanapochemka. Verediana alichemsha, akasoma, akaandika tisini na nne. Sisi wengine, pamoja na yote tuliyokwisha kujua, tuliogopa. Tulikisaidia.

Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na jibu moja, mia moja. Sisi tulipata. Verediana alikosa jibu hilo, na kwa kuwa mahesabu yote yaliyofuata yalitegemea jibu hilo, alianguka mtihani wote wa vitendo. Shule za ukanda wetu zimekubaliana kwamba anayeanguka vitendo haendelei na Fizikia Kidato cha Tatu. Majina yanapitishwa wiki hii.

Mwalimu Baltazar alikwenda kumtetea. Alipokelewa vizuri, akapewa chai, akaonyeshwa kitabu. Aliporudi tulimwona anatembea polepole kuliko kawaida. Alituambia: "Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Nikisema kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya kilima hiki, wananiuliza Fizikia nimesomea wapi." Hakumlaumu mtu, na sisi pia hatumlaumu mtu. Waliotunga mwongozo ule nao waliupokea kwa waliowatangulia, kama sisi tulivyopokea desturi yetu.

Lakini Verediana amerudisha kitabu cha Fizikia. Alikifuta vumbi, akakiweka mezani kwa mwalimu kwa mikono miwili. Mama yake anasema nyumbani haulizi tena maswali. Anakamua, anafagia, anakuja shule, anarudi. Tulipomfuata alisema labda yeye ni mtu wa kushindwa kuona kile ambacho wenzake wanakiona. Sisi tulioona mia moja mahali ambapo haikuwepo ndio tuliomsikia akisema hayo, na hilo linatuuma mpaka leo.

MAOMBI

Tulipoanza kuandika risala hii tulikuwa na swali moja kwako: mtu afanye nini ili awe mwanafizikia aliyebobea? Tumeshasikia majibu mengi. Wengine wanasema ujue sana hesabu. Wengine wanasema Kiingereza kwanza. Baba mmoja, ambaye yupo hapa na anatabasamu, anasema dawa ni kuhama Mbulu. Huenda yote yana ukweli, na tutafurahi ukituambia wewe ulipitaje. Hesabu tutajifunza, na Kiingereza tutakivuta hivyo hivyo.

Ila tunaogopa jambo moja. Wewe unaposimama kando ya mgonjwa, na mashine inasoma tofauti na ulivyotarajia, unaandika nini? Tunadhani unaandika ulichokiona, kisha unatafuta sababu. Kama ni hivyo, katika darasa letu lote mwanafizikia alikuwa mmoja, na ndiye tuliyemwangusha.

Hatuombi jengo wala basi. Hatuombi Verediana apendelewe, na tunakusihi usimwonee huruma, maana yeye mwenyewe angechukia. Mwalimu Baltazar alisoma rasimu hii jana, akasahihisha mkato mmoja, akatwambia sehemu inayomsifu ni ndefu. Nyingine hakuigusa. Mkuu wa Shule naye ameridhia tunachotaka kuomba sasa.

Mgeni rasmi, Verediana hayupo kwenye mstari huu. Yuko jikoni, nyuma ya ukumbi, anaangalia moto. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba asisimamishwe mbele ya watu. Maji ya chai yako yapo jikoni na tayari yanatokota. Mlango uko wazi, mvuke unauona kutoka hapo ulipo. Kando yake kuna kipimajoto kutoka boksi lililokuwa na maandishi mekundu.

Tunakuomba, kabla majani hayajatiwa, uende pale pamoja na Afisa Elimu Kata, ambaye ndiye atakayepeleka majina. Ukitumbukize mwenyewe. Usubiri kitulie. Kisha usome kwa sauti ili na wazazi walioko nyuma wasikie.

Hatutakwambia utaona ngapi. Ukiona mia moja, tutaandika mia moja, na Verediana amesema yeye atakuwa wa kwanza kuandika. Ukiona nyingine, basi iwe hiyo.

Mungu akulinde njiani na kazini, aibariki mikono yako kwa ajili ya wagonjwa wanaoitegemea, awape wazazi wetu mvua ya kutosha na kuni kavu, na amlaze pema mzee Yoakimu aliyetupa kilima.

Ombi letu la mwisho ni dogo. Tunakuomba usikisaidie.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Klabu ya Fizikia,
Shule ya Sekondari Yoakimu, Mbulu