Mteremko wa Mzee Jeki

Kijiwe cha Halfani pale Majengo kipo nyuma ya maghala ya mahindi, mahali ambapo ukuta unakinga upepo kidogo, maana upepo wa Sumbawanga mwezi wa saba hauna adabu, unaingia ndani ya koti bila hodi. Kuna benchi moja refu, jiko la mkaa, birika la kahawa na sahani ya kashata. Wanaokaa pale wanajuana kwa majina ya kijiweni kuliko yale ya ubatizo. Mzee Felisiani, kiongozi wa wapakiaji, anaitwa Jeki, kwa sababu enzi zake aliwahi kuinua lori la Fuso upande mmoja wenzake wakabadilisha tairi, au ndivyo anavyosema mwenyewe. Zenon ni Turubai, kwa kuwa hakuna mada asiyoifunika. Ambilikile, aliyekuja zamani kutoka Mbeya akawa mlinzi wa mahakama mpaka akastaafu, ndiye Wakili. Halfani peke yake hakupewa jina, kwa sababu yeye ndiye mwenye birika na hakuna aliyetaka kumuudhi.

Jumamosi ile Jeki alifika mapema, uso umemshuka, kikombe amekishika tu hanywi. Mtaa mzima ulijua sababu. Mjukuu wake Dominika, wa darasa la tatu, anayetembelea kiti cha magurudumu, hakuwa amekwenda shule tangu Jumatano. Mwalimu Mkuu alikuwa ameahidi kupita kijiweni asubuhi hiyo kutoa uamuzi: kama hakuna njia salama ya kumwingiza mtoto darasani, atahamishiwa shule ya bweni mkoa mwingine, huko ambako babu atamwona likizo hadi likizo. Jeki ndiye aliyekuwa akimsukuma kila asubuhi, wakibishana njia nzima nani kati yao anajua kuimba. Kila alipofikiria asubuhi isiyo na ubishi ule, alikizungusha kikombe mikononi.

Na kibaya zaidi, kosa lilikuwa lake. Mlango wa darasa la tatu una ngazi, na mtoto alikuwa akibebwa kuzipanda. Shule ilipowaomba wazazi watengeneze mteremko wa kiti, Jeki alijitolea yeye na vijana wake, akamkataa hata fundi. Alisema amepandisha mizigo maisha yake yote, hana cha kufundishwa kuhusu kupanda. Wakachanganya zege, wakalilainisha likang'aa. Ila wapakiaji wanaujua mwinuko mmoja tu duniani, ule wa ubao unaoegemezwa kwenye Fuso, na ndio huo walioujenga.

Kupanda, Jumatano asubuhi, Dominika alipandishwa na wanaume sita kwa wimbo wa kupandishia magunia, anacheka. Kushuka, saa ya mapumziko, alishuka mwenyewe. Walioona wanasema aliupita mlingoti wa bendera, akampita mpishi na ndoo yake ya uji, akaingia kwenye bustani ya mchicha ya walimu na kusimama katikati, mzima kabisa, mikono juu, anaomba kurudia. Darasa zima likapanga foleni kusubiri zamu ya kukopeshwa kiti. Mwalimu Mkuu alikaa chini palepale akaomba maji ya kunywa.

Kijiwe hakiwezi kumwacha mwenzao na majonzi ya namna hiyo. Turubai ndiye aliyefungua kikao.

— Mteremko hauna shida, Jeki. Kinachokosekana ni breki. Tunafunga breki za baiskeli, mchezo umeisha.

— Kiti kikikamata breki pale katikati, alisema Wakili, kiti kitabaki. Mtoto ataendelea na safari.

Turubai hakukata tamaa. Kutoka breki alihamia kwenye kamba, na kutoka kamba akafika kwa ng'ombe. Alikuwa na shemeji yake kijijini Ilemba mwenye maksai wawili wapole, wamelima shamba la padri bila hata kuchapwa. Wakifungwa nira na kamba ikaunganishwa na kiti, wakienda mbele mtoto anapanda, wakirudi nyuma mtoto anashuka taratibu.

— Na mtoto akiwa ndani anasoma, maksai wanakaa wapi? aliuliza Halfani huku anamimina.

— Nyuma ya darasa, watulie tu wasikilize.

— Mwakani kuna mtihani wa darasa la nne, bwana.

— Na wao wafanye. Hawatashindwa na mtoto wa kwangu.

Wakili alikohoa, kama anavyokohoa anapotaka ukumbi unyamaze. Yeye hoja yake ilikuwa ya kisheria. Kiti chenye mwendo ule, alisema, hakihesabiki tena kama kiti, ni chombo cha usafiri, kwa hiyo kinataka honi, taa za mbele na kibao cha kupunguza mwendo pale juu. Dereva akitoka darasani bila kuwasha indiketa, apigwe faini.

— Faini mtoto wa darasa la tatu?

— Kwani mchicha umekanyagwa na nani?

Hapo Halfani naye akaweka birika chini, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. Alisema watu wa bara wana tabu sana na vitu vyepesi. Binamu yake Mahmud ana boti Kipili, ziwani, na boti ikikaribia kugonga mwamba hawafungi breki wala hawaiti ng'ombe, wanashusha nanga. Mtoto apewe nanga ndogo. Akiona anashika kasi, anaitupa nyuma.

— Nanga itashika nini, Halfani? alisema Jeki, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu afike. Uwanja mzima ni vumbi.

— Itamshika mwalimu wa zamu.

Jeki alicheka hadi kahawa ikamwagika gotini. Akicheka Jeki, benchi zima linatikisika, na benchi likitikisika, Turubai anapata nguvu mpya. Akasimama kabisa. Alisema wamekuwa wajinga muda wote huu wakihangaika kumpandisha mtoto, wakati wangeweza kuupandisha uwanja. Fuso zipo, mchanga upo mtoni. Wamwage wasawazishe mpaka ardhi ya shule nzima ifike usawa wa mlango.

— Na milingoti ya goli? aliuliza Wakili. Itabaki juu kimo cha mbuzi.

— Golikipa atatoka darasa la kwanza. Si mnataka kila mtoto ashirikishwe?

Walikuwa wanafuta machozi kwa mikono ya makoti pale Mwalimu Mkuu Lwitiko alipojitokeza pembeni ya ghala. Kicheko kikakatika. Mwalimu alimwamkia Jeki shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani, akakataa kahawa, akakataa na nafasi ya kukaa.

— Mzee wangu, sijalala vizuri tangu Jumatano, alisema. Mteremko wa kufaa unatakiwa uwe mrefu, ungefika mlingotini, na pale ndipo shule nzima hupanga mstari, hakuna nafasi. Nimefikiria kila kitu. Nadhani bweni ndiyo njia iliyobaki.

Jeki aliweka kikombe chini, akamshika mwalimu mkono asiondoke. Alikuwa bado ameushika pale binti yake Jeki, Modesta, alipofika akikisukuma kiti, na Dominika juu yake, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi.

— Shikamooni, alisema Dominika.

Waliitikia marahaba wote kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amemwalika, na sasa kila mmoja alijisikia kama amefumaniwa. Halfani akampa kashata. Wakili, kwa kutaka kuonyesha kwamba kikao kilikuwa cha maana, akamweleza yaliyojadiliwa, tangu breki hadi uwanja kupandishwa. Dominika alisikiliza huku anatafuna. Nanga ilimpendeza sana. Kisha akamgeukia babu yake.

— Babu, kwani stoo ya mahindi ina ngazi?

Halfani alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. Stoo ile ni chumba cha mwisho pale shuleni, kipana, chenye madirisha mawili, na sakafu yake iko sawa na uwanja, unaingia kama unavyoingia sebuleni kwako. Mwaka jana ndicho kilichokuwa darasa la tatu. Wazazi walipoanza kuchanga mahindi ya chakula cha mchana, Jeki ndiye aliyesema mahindi yakae humo, kwa kuwa mgongo wa mtu hauwezi kupanda ngazi na lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanavimba. Mwalimu Mkuu aliona ni sawa. Madawati yalihamishwa na watoto wakapelekwa kwenye ngazi, na kazi yote iliisha asubuhi moja.

Jeki alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitazama viatu vyake. Wakili alikohoa, benchi likanyamaza kumsubiri, naye akaendelea tu kukohoa.

— Babu, nimekuuliza.

— Haina, alisema Jeki. Haina hata moja.

Aibu ilimpanda hadi masikioni, na nyuma ya aibu ikaja furaha inayoisukuma itoke njiani. Aliinuka, akapiga mluzi, na vijana wake wakatoka maghalani wakiwa bado na vumbi la pumba. Mwalimu Lwitiko alikuwa na funguo za stoo mfukoni, na ni yeye aliyeanza kutembea, halafu akajikuta anakimbia.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuyaingiza mahindi yale darasani kule juu. Zege la Jeki, ambalo halikumfaa mtoto, liliyapokea magunia vizuri ajabu. Vijana walipanda kwa wimbo wao, wakiguna, na Dominika alikuwa tayari ndani ya chumba kilichoanza kuwa wazi, anazunguka na kiti chake kwenye punje zilizomwagika, anawaonyesha Turubai na Wakili kila dawati likae wapi na nani akae karibu na nani. Hakuna aliyebishana naye.

Jeki alijitwisha lumbesa kubwa kuliko zote, akakataa kusaidiwa. Mgongo ulimuuma hadi juu, kama yeye mwenyewe alivyosema mwaka jana kwamba utauma, na njia nzima alikuwa anacheka.