Vumbi Nililolileta Nyumbani kwa Dada

Ndugu, jamaa, majirani na walimu mliofika, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na naona wale wanaonijua jukwaani wameshaiweka midomo tayari kwa kucheka, naomba muifunge, kwa sababu leo nimekuja na jambo ambalo nimelichekea vya kutosha.

Dada alizaliwa tarehe 14 Mei 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na mama alizoea kusema kwamba alikuja duniani na sura ya mtu anayedai maelezo. Alianza shule ya msingi Januari 1967, akamaliza sekondari Novemba 1977, akahitimu chuo cha ualimu tarehe 8 Desemba 1979, na kote huko ripoti zake zilimwita msichana mtulivu, jambo lililotufanya sisi wa nyumbani tuamini kwamba mafaili yalichanganywa.

Tarehe 12 Januari 1980 alianza kufundisha darasa la kwanza, akalifundisha hilo hilo kwa miaka thelathini na tisa, akikataa mara mbili ukuu wa shule, kwa hoja kwamba watu wazima hawafundishiki, mpaka alipostaafu siku aliyotimiza miaka sitini. Alifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1982 na shemeji yangu, fundi saa, mtu wa maneno machache na sigara nyingi, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1983, kijana mwaka 1985 na kitindamimba mwaka 1991.

Wazazi wetu walipofariki, dada na shemeji walinichukua nikaishi nao, na tarehe 3 Machi 1986, nikiwa na miaka kumi na tisa, niliajiriwa katika kiwanda cha mabamba ya asbesto, yale ya kuezekea nyumba, kazi yangu ikiwa kupasua magunia ya nyuzi za asbesto na kuzimwaga kwenye mashine. Palikuwa na chumba cha kubadilishia nguo, na msimamizi alituagiza kila jioni tuache ovaroli kwenye misumari zifuliwe pale pale, ingawa hakutuambia kwa nini, nasi tukadhani ni uchoyo wa kampuni.

Mimi sikuiacha yangu. Niliivaa hadi nyumbani, nywele na kope zikiwa nyeupe kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la unga, nikaokota fimbo ya ufagio, nikapinda mgongo, nikaingia mlangoni nikiwa mzee wa miaka tisini anayedai pensheni yake, kisha nikajitikisa kama kuku aliyetoka mchangani, watoto wakapiga kelele, majirani wakachungulia dirishani, na dada akacheka mpaka akashika ukuta, akisema wewe mtoto utaniua. Halafu aliichukua ile ovaroli, akaikung'uta kwenye ukuta wa uani kabla ya kuiloweka, maana bila hivyo vumbi lingegeuka tope ndani ya beseni, na hivyo ndivyo ilivyokuwa, jioni baada ya jioni, hadi nilipoacha kazi tarehe 30 Aprili 1988 nikaenda kutafuta jukwaa kubwa zaidi.

Dada alianza kuishiwa pumzi Novemba 2021, akipanda ngazi nne tu za baraza lake. Tarehe 9 Februari 2022 alitolewa lita moja na nusu ya maji kifuani, akatibiwa kichomi, maji yakarudi, akakatwa kinyama cha kupimwa, na tarehe 23 Juni 2022 daktari aliniita mimi niliyemsindikiza, tukasimama kwenye korido, akanitajia mesothelioma, jina refu kama treni ya mizigo, akasema ni saratani ya utando unaofunika mapafu. Aliniuliza kama mgonjwa aliwahi kufanya kazi na asbesto, nami nikajibu, daktari, huyu ni mwalimu, labda uiulize chaki. Hakucheka. Alinieleza kwamba nyuzi za asbesto ni nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona, huvutwa na pumzi, hukwama, hukaa miaka thelathini, arobaini, kabla ya kuleta ugonjwa, na kwamba huwapata hata wasiokanyaga kiwandani, hasa waliofua nguo za wafanyakazi. Nikamuuliza juu ya sigara za shemeji, akasema sigara ina makosa yake mengi, lakini hili si lake. Nikasema nitaulizia nyumbani.

Sikuulizia. Nilirudi nikasema ni saratani ya kifua, basi, na kila mtu akamgeukia mvutaji. Shemeji alitupa pakiti yake siku hiyo hiyo, binti yake akaacha kumsalimia, kiti chake kikatolewa barazani, na mimi, niliyekuwa najua, nikampachika jina la Dohani, bomba la kutolea moshi, mbele ya wageni, watu wakacheka, jina likakaa, na asubuhi hii nimesikia mtu akimpa pole kwa jina hilo. Siku mia mbili tisini na nane nilikuwa na ukweli mdomoni. Tarehe 2 Aprili nilikaa kitandani kwa dada nimwambie, nikaona haya, nikaanza kwa sauti ya yule mzee wa pensheni, akacheka, kicheko kikamkaba, shemeji akaja mbio na mito, nami nikatoka nje, sikurudia tena.

Dada alifariki tarehe 17 Aprili 2023, saa nne asubuhi, chumba cha nyuma, akiwa amekaa kitini kwa sababu kulala kulimzuia kupumua, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji. Hakuwahi kujua.

Karatasi niliyokabidhiwa na familia inasema aliugua kwa moshi wa sigara. Mpwa wangu mkubwa, uliyeiandika, sentensi hiyo nimeifuta. Baba yako hakumuua mama yako, vumbi lilikuja na mimi, na wewe na mdogo wako anayekufuata mlikuwa mkikimbia ndani yake, kwa hiyo nawaomba mwende kwa daktari mumweleze hivyo hivyo, nami nitatangulia. Na aliye na paa la mabamba yale ya zamani asilivunje wala kulikata mwenyewe, wala asiache mtu afagie vumbi lake likiwa kavu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule wa korido ambaye hakucheka, walimu wenzake waliopokezana zamu za kumwogesha, na majirani kwa chakula na viti. Majirani, jina nililowapa naliomba nirudishiwe leo, na shemeji, ambaye mmemwacha akae peke yake karibu na geti, mmwite kwa jina lake mkimpa mkono.

Dada, pumzika kwa amani, yangu mimi nakwenda kuiomba kwa mume wako.