Bima Itakayozikwa Nami

Kwa jina la Mola aliyeziinua mbingu bila nguzo, nasi waja wake hatuwezi kuinua hata dari bila boriti. Sikilizeni, wanangu. Obeid, sogea, wewe ndiye mkubwa, na wewe ndiye ninayekuogopea zaidi. Esha, niinulie mto, mwanangu, kifua hiki kimejaa vumbi la chokaa la umri mzima na hakitaki tena nilale. Barka, mwana wa dada yangu, kaa hapo mlangoni, huenda nikakutuma. Na wewe ndugu yangu Jeilani, ahsante kwa kuja. La kwetu nitalifikia, pumzi ikiniruhusu.

Mirathi sina la kusema. Nyumba hii, kiwanja cha Wiyoni na minazi yake, Mwenyezi Mungu amekwisha kuvigawa, na aliyegawiwa na Mungu hangoji kugawiwa na Madi. Aliye nje ya mirathi ni Barka, naye namwachia zana zangu zote za uashi na sehemu yangu ya tanuu la chokaa. Haizidi thuluthi, na Jeilani ni shahidi. Hayo ni mepesi. Zito ni la bima ya vibarua, na ndilo linaloninyima kufa kwa raha, maana naogopa, wanangu, naogopa kwa namna ambayo sikuijua hata nilipokuwa nikitembea juu ya kuta nikiwaona watu tini kama kuku.

Masika yamekatika. Mnajua maana yake. Tangu sasa hadi Maulidi mji hautatulia: kila mwenye nyumba ataka ukuta uliokunywa mvua ubomolewe ujengwe upya, kila mwenye duka ataka chokaa mpya, mafundi watatoka Pate na vibarua watatoka Kipungani, na kila mtu atataka kazi yake iwe ya mwanzo. Ni msimu wa riziki, nami nimeupenda maisha yangu yote. Lakini haraka ikipanda jukwaani, mauti huwa yako nyuma yake yashika ngazi.

Mwamkumbuka Hamdun wa Pate. Esha, wewe ulimpikia alipokuja hapa, akasifu mchuzi wako hata ukaona haya. Hakuwa mlevi wala mvivu, hakuwa na mkono mbaya. Ukuta wa Hamdun ukipigwa nyundo ulilia kama kengele. Msimu wa juzi alishika kandarasi ya duka la ghorofa, na kwa kuwa tajiri wake alimhimiza, alianza kazi kabla ya kukata bima, akisema ataikata wiki ya pili. Kamba moja ya jukwaa ilikuwa imeoza ndani, nje ni nzima. Gharib wa Kipungani alikuwa juu, amebeba karai. Mimi nilikuwapo, nilikwenda kumwazima Hamdun misumari. Sikusikia ukelele, wanangu. Nilisikia boriti zikigongana, kisha vumbi, kisha kimya, na ndani ya kimya kile Hamdun akiita, "Gharib! We Gharib!" kama mtu anayemwita mwenziwe waende sala.

Hakimu alihukumu kama sheria ya fidia isemavyo, na hakuonea mtu. Kibarua akifa kazini, mwenye kandarasi huwalipa jamaa zake. Lakini Hamdun angelipa kwa nini? Iliuzwa nyumba, likauzwa shamba, Bi Radhiya mkewe akatoa dhahabu ya shingoni, na bado haikutosha. Mwanamkisi, mjane wa Gharib, hata leo asuka mikeka Kipungani usiku na mchana, na wanawe wanne hawashibi. Jiwe moja limeua nyumba mbili. Na Hamdun mwenyewe mmemwona: akaa barazani pa msikiti, na mtu akiangusha hata kikombe, huinama akajifunika kichwa kwa mikono miwili. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilitia. Nilipotoka maziko ya Gharib sikupitia nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Abdulkadir, wakala wa bima, nikakata.

Jeilani, najua utakalosema, ulilisema barazani watu wakasikia: bima ni kumshuku Mungu. Ndugu yangu, dari ikiwa mbichi twaitia miti ya kuishikilia mpaka ikauke. Umeniona nikifanya hivyo tangu ujana wetu. Je, ule ni kumshuku Mungu? Mungu ndiye ameiumba dari mbichi iwe nzito, na ndiye ameumba miti. Mjane naye ni dari mbichi, hana wa kumshikilia. Sikuweka bima ili jiwe lisianguke. Jiwe halisomi karatasi. Niliiweka ili likianguka, lisiendelee kuanguka juu ya watoto.

Na sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo roho yangu iliponasa. Nilipoanza kuugua, Bwana Abdulkadir alikuja kunijulia hali, akakaa pale alipokaa Jeilani. Nikamuuliza, "Nikifa, hawa wafanyaje?" Akaniambia, "Bwana Madi, nisikufiche. Bima hii ni ya mtu, si ya kazi. Jina ni lako, ukiondoka yaondoka nawe saa ile ile. Obeid na aje aikate upya kwa jina lake, kabla ya jiwe la kwanza." Obeid, nilikwambia siku ile ile. Ukanijibu, "Ajali haina kinga, baba." Kweli, ajali haina kinga, lakini yatima wana kinga, na kinga yao ni hiyo. Ukaniahidi utakwenda. Umekwenda?

Usiiname, mwanangu. Nijibu.

Hujakwenda. Na bohari la forodhani umekwisha kulipokea, la ghorofa mbili, na mwenyewe akusukuma. Nilijua. Nilijua tangu alfajiri, ila nilitaka nikusikie wewe. Nyamazeni kidogo. Esha, fungua dirisha.

Mwasikia? Nyundo. Ile ni nyundo ya Fadhil, mimi ndiye niliyemfundisha kugonga, hugonga mara mbili kisha hupumzika. Wako juu, ee Mola wangu. Wako juu ya jukwaa sasa hivi, na kilicho tini yao ni pumzi hii yangu, hii mnayoisikia inavyokoroma. Ikikatika nao wako juu, hawana bima, hawana mtu, ni kama Gharib. Barka! Kimbia. Waambie washuke, wote, waambie ni neno langu. Nenda, usivae viatu!

Nishikeni. Nipeni maji. Hapana, kidogo tu.

Mkono wangu umekuwa baridi. Esha, ushike, usiuache, nami nikitaka kulala nifinye. Sitaki kulala. Miaka yote nimelala usingizi wa mtu aliyechoka, leo usingizi ndio ninaoukimbia. Jeilani, nizungumzishe, au mimi nikuzungumzishe wewe. La ukuta wa Wiyoni. Ulilaza boriti zako juu ya ukuta wangu bila kuniuliza, nami nikakununia miaka mitano, hata Idi hatukupeana mikono. Nimekusamehe. Boriti zibaki. Obeid, umesikia? Ami yako asibomolewe, wala wanawe baada yake. Ukuta ukiwa imara huwabeba wawili.

Bado nyundo yapiga. Mbona bado yapiga?

Barka huyo. Asemaje? Sema kwa sauti, masikio yangu yaenda mbali. Fadhil hataki? Chokaa imekwisha kukorogwa, itaharibika? Rudi, Barka. Mwambie Fadhil chokaa na imwagwe mtangani, igande pale kila mpita ndia aione, na akiulizwa aseme Madi ndiye aliyemwaga. Chokaa ni mawe yaliyochomwa, na mawe nti hii haijaishiwa. Obeid, nenda naye. Wewe ndiye utakayekuwa mkubwa wao, na wakushuhudie ukiwashusha, ili siku nyingine ukiwapandisha wakuamini. Nenda, baba. Nitakungoja. Wallahi nitakungoja.

...

Imenyamaza. Esha, imenyamaza, au ni mimi nisiyesikia? Chungulia. Watu wangapi ukutani? Angalia vizuri, nyuma ya boriti ile ndefu, hupenda kukaa huko wakivuta tumbaku. Hakuna? Apa.

Alhamdulillah.

Obeid umerudi. Keti. Wahema kama mtoto. Basi shika neno langu, yaliyobaki ni machache. Leo hapandi mtu. Nikifa leo, mnizike kabla ya jua kutua, mafundi wote waje kaburini wakiwa wazima, na baada ya matanga, jambo lako la kwanza, kabla ya tajiri wa bohari, kabla ya kugawa chochote, ni kwenda kwa Bwana Abdulkadir. Jina lako na la kila kibarua. Wa Kipungani usiwasahau kwa kuwa wao ni wa siku mbili tatu; Gharib alikuwa wa siku mbili tatu. Kamba uzikate uzitazame ndani. Na tajiri akisema anampa mwingine kazi, mwache ampe. Usilie. Najua ni mzigo mzito. Mimi pia... niliogopa kila siku. Mwenye kuwapandisha watu... asipoogopa... si fundi.

Kiza hiki ni cha dirisha au cha mato yangu? Wacheni, msiwashe taa. Njooni karibu, nyote. Mkono wa Jeilani u wapi? Uweke... juu ya kichwa cha Obeid. Hapo. Barka, nawe.

Mola awape misimu mingi. Awape kuta zinyokazo... na chokaa isiyopasuka... na awashushe, wanangu, kila jioni... awashushe kwa miguu yenu.

Esha... nisomee shahada. Nisomee pole pole... nifuate.