Mashine Niliyoogopa Kuiacha Ing'ae

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena, maana mara ya kwanza mmeitika kama watu waliotoka kitandani bila chai. Mimi ni Baba Amani, seremala wa hapa Kasuku. Wengi wenu mnalala kwenye vitanda vyangu, na wengine mnavilalamikia. Leo sijitetei. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa katika woga ulionikalia tangu vita, woga ambao nusura umpofushe mke wangu.

Kuna mashine ya mkono tunayoiita defonsezi. Unaishika kwa mikono miwili, kisu kidogo kinazunguka chini yake kwa kasi, kinachimba mifereji na maua kwenye mlango. Wakati wa vita nilikuwa na moja ya buluu, nzuri sana, niliyoachiwa na fundi aliyenifundisha. Nilifanya kazi na mkubwa wangu Ramazani, kaka yangu wa tumbo moja.

Siku zile mafundi tulikuwa na desturi. Chombo kizuri kinapakwa masizi ya sufuria na oili chafu, ili mwenye bunduki akikiona akidharau. Ramazani aliniambia mara nyingi: "Ipake, mudogo wangu. Kitu ya kungaa njo inaita macho." Mimi na kiburi changu! Nilipenda kuiona inang'aa.

Asubuhi moja wakaja watu wa bunduki, wakaikuta mezani. Wakamtwisha Ramazani ile mashine, mimi wakanitwisha mbao, wakatusukuma mpaka mto Lualaba. Mtumbwi ulikuwa mdogo. Wakampakia yeye na mashine, wakanitazama, wakaona hakuna nafasi. Nikabaki nimesimama kwenye matope na mbao kichwani. Ramazani hajarudi mpaka leo.

Ndugu zangu, pale mtoni niliapa kwamba sitamiliki tena kitu kizuri. Sikumwapia Mungu. Niliuapia woga, nao ukanishika neno!

Vita ikaisha. Pikipiki zikajaa barabarani, watu wakajenga nyumba za matofali, wakataka milango ya maua. Na mimi, kila mwisho wa mwaka maduka ya vyuma yaliposhusha bei kwa ajili ya Noeli, nilikwenda kuchagua defonsezi mbovu kuliko zote. Chekeni tu! Wenzangu walitafuta nzuri, mimi nilitafuta ile ambayo hata mwizi angeirudisha. Kisha naipaka masizi. Moja iliungua kabla ya Pasaka. Nyingine ilitoa moshi mbele ya mteja.

Mwaka uliopita mkanipa kazi ya mlango wa kanisa hili, wa mvule. Nikaenda dukani. Mezani palikuwa na mashine mbili, zote zimeshushwa bei. Mama muuzaji akaweka mkono juu ya moja. "Papa, kamata hii. Ile ingine mudomo yake haikamate kisu muzuri." Nikakigusa kile kisu, kikacheza kama jino la mtoto. Niliona kwa macho yangu! Na uwezo wa kununua nzuri nilikuwa nao. Nikanunua mbovu.

Mama Amani ndiye hunishikia ncha ya ubao. Siku hiyo nilikuwa nimebakiza ua moja. Mvule ni mgumu. Mashine ikaanza kulia vibaya, ikanitikisa hadi mabegani. Nilijua. Fundi hujua! Nikasema, acha nimalize tu. Kisu kikachomoka.

Sikukiona kikipita. Nilisikia mlio kwenye bati la ukuta, nikageuka, mke wangu ameshika uso, damu inapita kati ya vidole. Kisu kilipasua kitambaa chake cha kichwa, na kibanzi cha mvule kikaingia jicho la kushoto. Nikaita jina la Yesu kwa sauti ambayo jirani alidhani vita imerudi! Tulikwenda hospitali kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nimemshika kichwa kisitikisike kwenye mashimo.

Daktari alikitoa kibanzi, akafunga jicho siku nne. Kama litaona, hakuweza kuahidi. Nilikaa kando ya kitanda nikingoja anitukane. Heri angenitukana! Siku ya pili akasema polepole: "Vita ilishaisha, Baba Amani. Ni weye njo ulibakia mule ndani."

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wodi. Nikamwambia Mungu kwamba miaka yote hii nilikuwa bado kwenye matope ya mto na mbao kichwani, na kwamba mkubwa wangu aliondoka kwa kiburi changu. Mke wangu akanishika bega. "Haikukuwa mashine njo ilimubeba. Ni bantu ya bunduki." Nililia mpaka wagonjwa wengine wakaniombea.

Siku ya nne daktari akafungua bandeji, akainua vidole. Mama Amani akavitaja vyote sawasawa, kisha akanigeukia: "Na weye, ndevu iko mingi." Haleluya! Haleluya, ndugu zangu!

Bei za Noeli zilikuwa hazijaisha. Nikarudi kwa yule mama. Safari hii nilikaza kisu, nikakivuta kwa nguvu zangu zote, kikagoma. Nikailaza mashine kwenye kioo cha meza nione kama chini imenyooka. Nikaomba awashe jenereta, nikaisikiliza inavyozunguka. Ilikuwa tulivu. Moyo wangu ndio ulipiga kelele. Mara akaingia askari na bunduki yake begani. Akasimama karibu nami, akaitazama. Ndugu zangu, mkono wangu ulitafuta tambara la kufunikia! Nikasema moyoni, Yesu, nishike huu mkono. Nikauacha mezani.

"Mashine iko muzuri, papa," akasema. Akalipa misumari yake, akatoka.

Nimekaa miaka mingi nikimngoja mtu huyo. Kumbe alikuja kununua misumari!

Sasa wewe uliyeficha sahani za harusi chini ya kitanda, wewe unayefunika cherehani kwa magunia, unamngoja nani? Mpe Yesu huo mzigo, ana mikono ya kuupokea. Mashine yangu haina masizi, njooni muione. Na mlango mliopitia asubuhi hii una maua saba. La chini, upande wa kushoto, limepinda pale kisu kilipochomoka. Sikulirekebisha. Ukitoka, liguse, umshukuru Mungu kwa jicho la Mama Amani, na umkumbuke mkubwa wangu Ramazani. Amina.